Ukigoogle simu nzuri, mbona unaletewa matangazo?

Umewahi kuandika Google "simu nzuri chini ya laki tatu"? Juu kabisa yanakuja matangazo. Unashusha kidole, unakutana na "Simu 10 Bora", makala ndefu ambayo huenda aliyeiandika hajawahi kuzishika hizo simu.

Sio wewe tu. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leipzig, walitoa utafiti uliofuatilia kwa mwaka mzima maswali 7,392 ya watu wanaotafuta bidhaa bora kwenye Google, Bing na DuckDuckGo. Kurasa zilizotokea juu zilikuwa na linki nyingi zaidi za kamisheni, na maandishi yake yalionyesha dalili za ubora mdogo. Google ilikuwa inasafisha, hali inakuwa afadhali kwa muda, halafu takataka zinarudi.

Hiyo kamisheni ndiyo kiini cha mambo. Ukibofya linki kwenye makala ukanunua kitu, mwenye tovuti anapata asilimia yake. Kwa hiyo yeye hahangaiki na simu ipi inakaa na chaji, anahangaika na maneno gani watu wanaandika wakitafuta. Anayapachika kwenye kichwa cha habari, anayarudia chini, anajaza aya tano kabla ya kukupa jibu. Kazi hiyo inaitwa SEO, na yenyewe sio dhambi (hata sisi waandishi wa mtandaoni tunaifanya, tuseme ukweli). Ila sasa akili mnemba inaweza kumwandikia mtu mmoja mamia ya makala kama hizo kwa siku.

Google nayo inaishi kwa matangazo. Cha ajabu, waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, waliandika mwaka 1998 kwamba mtambo wa utafutaji unaotegemea matangazo utaegemea upande wa watangazaji badala ya watumiaji. Miaka miwili baadaye wakaanza kuuza matangazo.

Mei 2024 ukaja muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo, ukianzia Marekani. Ndani ya siku chache ukamshauri mtu aweke gundi kwenye pizza ili jibini ishike. Ushauri huo ulitokana na utani wa zamani wa Reddit.

Kununua simu mbovu kunauma, lakini kuna kubaya zaidi: unatafuta fomu ya serikali, unabofya linki ya kwanza, kumbe ni ya wakala anayekutoza juu ya ada halali, au tapeli kabisa. Angalia kwanza kama pameandikwa "Sponsored", maana yake nafasi hiyo imelipiwa. Kisha soma mwisho wa anwani. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke. Ukiandika site:go.tz bila kuacha nafasi, halafu unachotafuta, utaletewa kurasa za huko. Usiutaki muhtasari wa akili mnemba? Gusa "Web" kwenye orodha iliyo chini ya kisanduku cha kutafutia. Wakati mwingine imejificha ndani ya "More".

Kwa upande wa simu, mimi bado namuuliza fundi: zipi zinaletwa sana mezani kwako kubadilishwa sistimu chaji?