Simu na wazee wetu, sehemu ya 4: Meseji peke yake haitoshi

Akina mama, tuendelee. Mwaka 2008 hapa Dar wahudumu wa afya ya jamii walianza kujaribiwa programu ya simu inayoitwa CommCare, wakiwa wanatembelea wagonjwa majumbani. Daftari la karatasi lina shida moja: ziara ikirukwa, halipigi kelele.

Baadaye watafiti wakaongeza meseji. Ziara ikichelewa, mhudumu anakumbushwa. Akikaa kimya, taarifa inaenda kwa msimamizi wake. Matokeo yalitoka 2012: siku za kuchelewa zilipungua kwa asilimia 86. Ila sikia hapa: msimamizi alipotolewa kwenye mpango, mambo yalilegea tena. Meseji zilipata nguvu kwa sababu kuna mtu wa pili anayejua.

Sasa wewe uko dukani Kariakoo tangu asubuhi, bibi yuko ghorofa ya nne na dawa zake za presha. Alamu ya simu ni nzuri, ila alamu haipandi ngazi. Mpangie hivi: akimeza dawa, abipu. Nusu saa kimya? Mpigie. Hapokei? Mpigie jirani mwenye ufunguo.

Huyo jirani, umeshaongea naye?