Jinsi ya kuchagua adapta salama ya mchezo wa betri

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, ilhali mchezo wa kielektroniki wenye betri nne za volti 1.5 zilizounganishwa kwa mfululizo huhitaji volti 6 pekee. Adapta ndiyo hupunguza nguvu hiyo. Isiyofaa huweza kuunguza kifaa au kuzua moto.

Kabla ya kununua, mzazi asome maandishi yaliyo kando ya tundu la adapta. Kwanza, volti zitokazo sharti zilingane na zilizoandikwa. Pili, mkondo uwe wa aina iliyotajwa, aghalabu DC. Tatu, mchoro wa ncha chanya na hasi ufanane, kwani zikibadilishana kifaa huweza kuharibika papo hapo. Nne, miliampia zisipungue zinazohitajika. Zikizidi hazidhuru, maana kifaa huvuta kiasi kinachohitaji tu.

Adapta ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee isichomekwe humu nchini. Aidha, betri zisizokusudiwa kuchajiwa zisichajiwe, kwa kuwa huweza kuvuja au kupasuka. Mchezo usio na tundu la adapta uendelee kutumia betri.

Adapta ikipata joto jingi au kutoa harufu ya kuungua, swichi ya ukutani izimwe mara moja na adapta hiyo isitumiwe tena.