Waziri Mkuu Aliyekuwa Staa wa Muvi, na Wenzake Tusiowajua Majina

Leo ni historia ya watu weusi kwenye sinema, na tunaanzia hapa hapa nyumbani.

Ukisikia Muhogo Mchungu unamkumbuka nani? Najua wengi mtasema yule mzee wa Kaole. Sawa kabisa. Ila kabla yake, Muhogo Mchungu lilikuwa jina la muvi. Ilitengenezwa mwaka 1952, nchi bado Tanganyika chini ya Mwingereza, na staa wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, huyo huyo. Simba wa Vita. Yule wa Barabara ya Kawawa kule Dar.

Na sisi wa Dom anatuhusu zaidi. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Waziri Mkuu alikuwa yeye. Kwa hiyo unapopita Mtumba ukashangaa maghorofa ya wizara, kumbuka enzi uamuzi huo unapitishwa, serikalini kulikuwa na mtu aliyewahi kuwa mwigizaji. Na siyo mwigizaji wa kupita nyuma ya kamera, mhusika mkuu kabisa!

Ilikuwaje? Kawawa alisoma Tabora, akaajiriwa serikalini kwenye mambo ya ustawi wa jamii. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ikaileta kampuni ya filamu kutoka Afrika Kusini itengeneze muvi za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika. Ndipo zikatoka Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Mgeni Mwema, na Kawawa akacheza.

Sasa vuta picha. TV Tanzania Bara imeanza mwaka 1994, kwa hiyo miaka ile haipo kabisa. Vijijini sinema inakuja na gari: linapaki uwanjani, shuka jeupe linatundikwa, jenereta linanguruma, watu wazima na watoto wamekaa chini kwenye vumbi. Halafu kwenye lile shuka anatokea Mwafrika mwenzao, anaongea Kiswahili chao, anachekesha. Kwa watu waliozoea kuona wazungu tu kwenye sinema, hiyo haikuwa ishu ndogo.

Lakini tusidanganyane, zile muvi zilikuwa na mwenyewe. Mkoloni ndo alikuwa na kamera na hela, na yeye ndo aliamua hadithi gani isimuliwe. Kawawa hakubaki hapo. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akawa anapambana na serikali ile ile. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Na hayuko peke yake. Jirani zetu Kenya nao wanaye wao. Mwaka 1935 Uingereza ilitoa muvi inaitwa Sanders of the River, staa wake Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito balaa. Kati ya Waafrika waliocheza sehemu ndogo ndogo mle alikuwemo Jomo Kenyatta, enzi hizo anaishi London. Robeson mwenyewe baadaye aliikataa ile muvi, maana ilimsifia mkoloni. Marekani nako, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, mwaka 1940. Usiku huo huo wa ushindi alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wazungu.

Sasa hapa ndo naomba tutulie kidogo.

Kawawa tunamjua kwa sababu alikuwa Waziri Mkuu. Kenyatta tunamjua kwa sababu alikuwa Rais. Je, wale waliosimama nao kwenye picha ile ile, wakarudi nyumbani kulima, tunawajua?

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika. Waliocheza ni wananchi wa kawaida. Majina ya wakubwa wa mradi, Notcutt na Latham, yapo vitabuni. Ya waigizaji utatafuta mpaka bando liishe. Au chukua Hatari! ya 1962, iliyopigwa huku huku kwetu, upande wa Arusha. Muulize mtu staa wake nani, atakwambia John Wayne. Muulize jina la Mtanganyika mmoja tu aliyeonekana mle. Kimya.

Baadaye mambo yakabadilika. Arusi ya Mariamu ikatoka 1985. Mwaka 2001 ikaja Maangamizi, ndani yake Amandina Lihamba. Kanumba akafanya Bongo Muvi ijulikane hadi nje ya mipaka, na alipofariki Aprili 2012 Dar ilifurika watu. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ikaonyeshwa Toronto. Hao majina yao tunayo, na tuwaheshimu wakiwa hai, tusisubiri misiba.

Ila ugonjwa wa zamani bado tunao, na safari hii hatuwezi kumsingizia mkoloni. Vijana wa Dom wanapiga klipu na simu zao Majengo, Chang'ombe, mpaka vijijini Chamwino. Yule mama aliyecheza shangazi, watu wamecheka mpaka machozi. Amelipwa soda. Jina lake? Halipo popote, mwisho wa video kuna namba ya simu ya mwenye chaneli tu.

Kuandika jina hakuli bando. Mkimaliza kurekodi, muulize kila aliyecheza anaitwa nani, majina yake yote mawili, uweke mwishoni. Kesho huwezi kujua nani atakuwa Waziri Mkuu, na hata asiye na cheo chochote, wajukuu zake watataka kumtafuta.

Dondosha kwenye komenti jina la mwigizaji wa mtaani kwenu ambaye watu wanamjua sura tu.