Njaa Ipo, Jina Linaikana

Mwaka 1873, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliuandika ugonjwa mmoja, kila mtu kivyake, na wote wawili wakachukua neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa hamu ya kula: anoreksia. Jina limedumu mpaka leo ingawa halisemi kweli. Wengi wa wagonjwa hawa njaa wanaisikia sana. Chakula wanakiota, wanakusanya mapishi, wanawapikia wadogo zao wali wa nazi ambao wao hawauonji. Kilichowashika ni hofu ya kunenepa.

Kwa hiyo tukiandika "kukosa hamu ya kula" tunarithi kosa pamoja na jina. Hamu humpotea mwenye malaria au kifua kikuu. Mwenye anoreksia ameizuia. "Kujinyima" lingefaa, ila Waswahili hulisifu: mama alijinyima akasomesha watoto. Mimi husimama kwenye "kushinda njaa". Aliyeshinda njaa amekaa kutwa bila kula. Ongeza silabi moja tu, useme ameishinda njaa, na sasa ni bingwa. Mgonjwa anaishi katikati ya maneno hayo mawili: sisi tunaona la kwanza, yeye anajisikia la pili.

Bulimia, ambayo Gerald Russell aliieleza mwaka 1979, Wagiriki waliiita njaa ya ng'ombe. Hapa hatuna haja ya ng'ombe. Tuna kubugia, tuna kufakamia, na tuna kujitapisha, kitenzi kinachotaja tendo na mtendaji kwa pumzi moja. Ulafi tuuache nje ya zahanati, kwani ni tusi. Russell aliona pia alama kwenye vifundo vya vidole, ngozi iliyokomaa kwa kukwaruzwa na meno. Sugu, kwa Kiswahili, na bahati nzuri hatuhitaji istilahi nyingine.

Kuhusu jina la jumla, "matatizo ya ulaji", nina wasiwasi kidogo. Mtaani aliyepata ulaji amepata cheo chenye marupurupu, na matatizo yake huishia kwa mkaguzi wa hesabu.

Lakini hakuna anayeingia kwa daktari akitaja lolote kati ya hayo. Analalamikia vidonda vya tumbo, kizunguzungu, baridi, choo kigumu, hedhi iliyokata. Hadi 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulidai hedhi ya mwanamke iwe imekosekana miezi 3 mfululizo ndipo iitwe anoreksia, sharti lisiloweza kutumika kwa mwanamume. Na lugha yetu yenye adabu humpa mgonjwa pa kujificha. "Nimeshiba" na "nimefunga" ni majibu ambayo mwenye heshima zake hayahoji mara mbili. Akikonda, tunapima UKIMWI na kifua kikuu, na ni haki kuvipima. Shida ni kufunga faili vipimo vinapotoka safi.

Waingereza walitunga maswali 5 mafupi ya kuwabaini wagonjwa hawa mwaka 1999; ndiyo 2 zinatosha kumfanya daktari achunguze zaidi. Moja linauliza kama umepungua zaidi ya "jiwe" moja katika miezi 3, kipimo chao cha kilo 6 na ushei. Tukiyafasiri, tuandike kilo. Na tuulize kwa vitenzi: unajitapisha? unaona umenenepa wakati wenzako wanasema umekonda?

Tiba nayo ina neno lake: kulisha. Kwa vijana, wazazi hushika usukani wa mlo mpaka uzito urudi. Aliyeshinda njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti ya damu hushuka na moyo huweza kusimama. Muuguzi wa watoto wenye utapiamlo mkali anaujua mwendo huo: maziwa ya F-75 kwanza, kidogo kidogo, usiku na mchana, ndipo F-100. Akihamishiwa kwa binti wa miaka 17 atakuwa na jambo moja jipya la kujifunza, kukaa naye baada ya kila mlo, asiende chooni peke yake.