Idd Pili ni Bamvua

Sikukuu ya kufungua mwezi iliyopita tulijikusanya wanawake na watoto wa ukoo, tukamwomba mjomba atutoe kwa ngalawa yake, tukavue kidogo ndani ya mwamba. Tulikuwa na chupa ya chai ya maziwa, vitumbua, mishipi minne, na biharusi wetu ambaye hina ilikuwa bado haijafifia mikononi. Saa nne asubuhi ya Idd Pili tukafika pwani ya mashariki ya Unguja, tumejipamba. Ngalawa tukaikuta imelala ubavu mchangani, na maji yako kule mbali mwambani.

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwezi mchanga huu. Mlitaka maji yatoke wapi saa hizi?"

Sote tuna simu, na hakuna aliyewaza. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwetu siku hizo maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Lau tungengoja Idd ya Haji, mwezi kumi, saa nne hiyo hiyo tungeyakuta yanajaa, ingawa yangekuwa maji mafu. Maana yake, wanawake waliohesabu mwezi kwa ajili ya funga na eda, kwa hesabu hiyo hiyo walijua lini watoke na lini wabaki nyumbani. Biharusi wetu amefundwa na somo wake udi, liwa na mapishi, na anaolewa kijiji cha pwani. Hili la maji hakuambiwa na mtu.

Tulipokuwa tunangoja, mazungumzo yakaelekea kwenye vyombo. Upo mwongozo wa kale wa mabaharia, Periplus, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, zaidi ya miaka 500 kabla ya Hijra. Unataja kisiwa kiitwacho Menouthias katika pwani yetu, na wataalamu hubishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Wenyeji wake walikuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo, na walitega samaki kwa vikapu vya kusukwa. Aliyekulia hapa akisikia hivyo anaona dema la babu yake! Ngalawa nayo ni gogo, mara nyingi la mwembe, lililochongwa likatiwa matengo mawili ya pembeni lisipinduke. Ufundi huo wa matengo unahusishwa na watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Indonesia hadi Madagaska na Ngazija. Naye Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona chakula cha watu ni ndizi na samaki.

Lakini wote hao waliandika walichokiona: vyombo na wanaume waliomo. Samaki aliyeletwa nyumbani kwa miguu hakuandikwa. Bibi zetu walitanda dagaa kwa nguo kwenye maji ya magotini, wakachokoa pweza mwambani kwa kijiti, wakaokota chaza na kombe. Upepo ukikataa na tanga likabaki limekunjwa, chungu kilitegemea mikono hiyo. Mwani wa biashara ulipoanza kupandwa Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi walioingia ni wanawake, na hatushangai, kwa kuwa kazi yenyewe hufuata bamvua, na bamvua walikuwa nayo tayari. Sisi tunaona ni makosa kusema bahari ni ya wanaume. Tanga ndilo lilikuwa lao.

Tuliswali adhuhuri pale pale chini ya mkungu. Saa nane ngalawa ikaelea, tukapanda kwa zamu, watoto katikati. Mjomba akapandisha tanga, upepo ukalijaza, na kelele zote zikaisha. Hata mdogo wetu anayeogopa maji alinyamaza akisikiliza. Tukashusha tanga, tukatupa mishipi. Tulipata changu wachache na tasi mmoja aliyetuchoma kwa mwiba. Mtoto akauliza nani atawachinja. Tukamweleza kwamba windo la bahari limehalalishwa katika Surat Al-Maida, aya ya 96, na samaki hahitaji kisu cha kuchinjwa.

Tulipokuwa tunawapaa samaki ufukweni, Bibi akamuuliza biharusi anakwenda lini kwa mumewe.

"Mwezi tano, Bibi, asubuhi."

Bibi akahesabu kwa vidole. "Basi mama mkwe hutamkuta nyumbani. Siku hiyo maji yanapwa karibu na adhuhuri, atakuwa mwambani. Weka mizigo, vaa viatu vya mpira, umfuate."

Biharusi akauliza viatu vya mpira vinauzwa wapi.