Episodi Moja Ikiboa, Mashabiki Hugawanyika: Kisa cha Ubongo wa Spock na Mambo Matano Yanayoangusha Sizoni

Umesubiri wiki nzima. Bando umenunua, au flashi umeipeleka dukani ikajazwa muvi. Unakaa, unawasha, dakika 45 zinapita, halafu unabaki unaikodolea macho simu. Ndiyo hii tu?

Kesho yake ubishi unaanza. Iwe stendi ya Misungwi, kwa kinyozi pale Usagara au kijiweni Kigongo, maneno ni yale yale. Mmoja anasema sizoni imeshakufa. Mwingine anajibu kwamba hujaielewa. Wa tatu bado hajaiona, anawaomba wenzake wasimmwagie siri.

Ubishi huu haukuletwa na WhatsApp. Kwenye tamthilia za kisayansi, zile za vyombo vya angani, roboti na viumbe wa sayari nyingine, una zaidi ya miaka 50. Kisa chake maarufu ni cha mashabiki waliopigania tamthilia yao isifutwe. Walishinda, halafu wakaletewa episodi ambayo hadi leo inatajwa kati ya mbovu kuliko zote.

Barua zaidi ya 100,000, kisha ubongo ukaibwa

Star Trek ilianza kurushwa Marekani Septemba 8, 1966 kwenye kituo cha NBC. Inahusu chombo cha angani kiitwacho Enterprise, nahodha wake Kirk, daktari McCoy na msaidizi wa nahodha, Spock, ambaye ni nusu binadamu na nusu mtu wa sayari ya Vulcan. Spock anapendwa kwa jambo moja: akili iliyotulia.

Waswahili nao wana chao humo. Afisa wa mawasiliano anaitwa Uhura, jina lililotokana na neno "uhuru". Aliigizwa na Nichelle Nichols. Katika episodi ya kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", kuna kiumbe anayejigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili.

Mwishoni mwa 1967 zikaenea habari kwamba NBC ina mpango wa kuifuta tamthilia hiyo. Mke na mume, Bjo na John Trimble, wakawahamasisha mashabiki waandike barua. NBC ilipokea barua zaidi ya 100,000. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku hadi kwenye studio za NBC kule Burbank, California. Machi 1, 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba Star Trek itaendelea.

Shangwe haikudumu. NBC iliipa tamthilia hiyo nafasi ya Ijumaa saa 4 usiku, muda ambao vijana wengi waliokuwa wakiifuatilia wanakuwa wametoka. Bajeti ya kila episodi ikapunguzwa. Gene Roddenberry, aliyeianzisha, akajiweka kando na kazi za kila siku.

Septemba 20, 1968 msimu wa tatu ukafunguliwa kwa "Spock's Brain", yaani "Ubongo wa Spock". Mwanamke asiyejulikana anaingia ndani ya Enterprise, anawalaza wote, anaondoka na ubongo wa Spock. Unakwenda kuendesha mitambo ya mji ulio chini ya ardhi kwenye sayari nyingine. Kirk na wenzake wanaufuata, huku mwili wa Spock ukitembezwa kwa rimoti kama gari la kuchezea la mtoto. Mwisho McCoy anavaa kifaa kinachompa elimu ya muda mfupi, anaanza upasuaji, elimu inamtoka katikati ya kazi, na Spock mwenyewe anamwelekeza jinsi ya kumalizia.

Leonard Nimoy, aliyekuwa Spock, alikuja kuandika kwamba aliona aibu muda wote wa kuirekodi. Msimu huo ndio uliokuwa wa mwisho. Episodi ya 79 ilirushwa Juni 3, 1969, na Star Trek ya kwanza ikaishia hapo.

Hata hivyo "Spock's Brain" ina watetezi. Hoja yao ni kwamba inachekesha na haisinzishi, kwa hiyo haiwezi kuwa mbovu kuliko episodi ambayo mtu anaitazama akipiga miayo. Wanaoipinga wanasema kicheko hakikukusudiwa. Ubishi huo haujaisha.

Mambo matano yanayoangusha episodi

Ukisikiliza mabishano ya mashabiki kwa makini, malalamiko yao karibu yote yanaingia kwenye mafungu matano.

1. Mhusika anaacha kuwa yeye. Hili ndilo kosa la "Spock's Brain". Watu walimpenda Spock kwa sababu ya akili yake, nao wakaletewa Spock asiye na akili kabisa. Mtazamaji anaweza kusamehe seti ya maboksi na vazi la bei rahisi. Kumharibu mtu aliyemzoea ni jambo jingine.

2. Hadithi inavunja sheria zake yenyewe. Tamthilia ya kisayansi inaruhusiwa kutunga lolote, ila ikishatunga ifuate. Katika "Threshold", episodi ya Star Trek: Voyager iliyorushwa Januari 29, 1996, rubani Tom Paris anafikia kasi ambayo tamthilia hiyo hiyo ilikuwa imesema haiwezekani. Kisha anageuka kiumbe kama mjusi wa majini, anamteka nahodha Janeway, naye anageuka, wanazaa watoto, halafu daktari anawarudisha kuwa binadamu. Watoto wanaachwa huko huko, na ile kasi haiwasaidii kurudi nyumbani. Brannon Braga aliyeiandika amekiri hadharani kwamba ilikuwa mbovu. Cha ajabu, ilishinda tuzo ya Emmy kwa kazi ya kuremba sura za waigizaji. Episodi inaweza kuboa na bado ikawa na fundi aliyefanya kazi yake vizuri.

3. Hadithi inasahau. "The Changeling" ya Septemba 29, 1967 ni mfano unaomgusa Mswahili. Mtambo unaoitwa Nomad unafuta kumbukumbu zote za Uhura. Inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto, na akikwama anarudi kwenye Kiswahili. Mwishoni daktari anasema baada ya wiki moja atakuwa kazini. Episodi iliyofuata, Uhura yuko kama kawaida na hakuna anayeuliza. Wapo wanaoipenda sana episodi hii, lakini swali linabaki: mtu aliyefutiwa maisha yake yote anaponaje ndani ya wiki moja?

4. Pesa na muda vimeisha. "Shades of Gray", iliyofunga msimu wa pili wa Star Trek: The Next Generation Julai 17, 1989, ilijazwa vipande vya episodi zilizopita. Riker analala kitandani akiwa mgonjwa, na tiba yake ni kukumbuka mambo ya zamani. Msimu huo ulikuwa umefupishwa na mgomo wa waandishi wa 1988, na fedha zilikuwa zimebana. Waliotengeneza walifanya walichoweza. Mtazamaji aliyesubiri mwisho wa msimu aliletewa kiporo.

5. Utamu unakatishwa. Msimu wa pili wa Stranger Things uliwekwa Netflix Oktoba 27, 2017. Episodi ya sita inaishia pabaya, watu wako hatarini kabisa. Ya saba, "The Lost Sister", inawaacha hapo hapo na kumfuata msichana Eleven hadi Chicago kumtafuta Kali, aliyekuzwa naye kwenye maabara. Walioikataa walisema ilikuwa kama basi kuchepuka njia likiwa limekaribia stendi. Walioitetea walisema bila safari hiyo Eleven asingeamua mwenyewe kurudi nyumbani. Kali alikuja kuonekana tena msimu wa tano, mwaka 2025, miaka minane baadaye.

Je, uliiona episodi au ulisimuliwa?

Kwa watazamaji wa Tanzania lipo jambo la sita. Wengi wanakutana na sizoni kupitia sauti ya mtafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kwenye kazi hiyo hapa nchini. DJ Mack naye akajipatia jina. Kenya kuna DJ Afro, na Uganda kuna VJ Jingo anayetafsiri kwa Kiganda.

Mtafsiri hageuzi maneno tu. Anaongeza utani, anafafanua, anatabiri, anamtambulisha stelingi na adui mapema ili mtu asipotee. Kwenye muvi ya ngumi hilo linanogesha. Kwenye tamthilia ya kisayansi, ambayo sentensi moja inaweza kueleza kwa nini watu wamerudi nyuma miaka 30, utani ukiifunika sentensi hiyo episodi nzima inakuwa haieleweki. Watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kugombana kuhusu episodi moja, kumbe kila mmoja aliona yake.

Kuna pia suala la stelingi. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanajua kanuni: stelingi hafi, na akifa basi muvi imeisha. Sizoni nyingi za siku hizi zinamuua mhusika mkuu katikati. Hapo mmoja anaona ushujaa wa mwandishi, mwingine anaona ametapeliwa.

Hata wanaojua Kiingereza huchanganyikiwa. Lost ilipoisha Mei 23, 2010, kituo cha ABC kiliweka picha za mabaki ya ndege wakati majina ya waigizaji yanapita. Watazamaji wengi wakahitimisha kwamba abiria wote walikufa tangu ajali ya mwanzo. Waandishi Damon Lindelof na Carlton Cuse wamesema mara nyingi kwamba sivyo, yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Mpaka leo wapo wanaobishana kuhusu mwisho ambao haukuwahi kuandikwa.

Ubishi unasaidia nini?

Anayelalamika sana mara nyingi ndiye aliyependa sana. Aliyechoka habishani, anahamia sizoni nyingine. Star Trek ilifutwa 1969, lakini marudio yake yaliendelea kuonyeshwa na mashabiki wakaongezeka. Mwaka 1979 ikatoka filamu, mwaka 1987 tamthilia mpya. Watu wale wale waliocheka ubongo wa Spock ndio walioifanya idumu.

Lakini mpaka upo. Mei 2022, ilipoanza tamthilia ya Obi-Wan Kenobi ya Star Wars, mwigizaji mweusi Moses Ingram alionyesha hadharani ujumbe wa kibaguzi aliokuwa akitumiwa. Mwenzake Ewan McGregor alijitokeza kumtetea, na Star Wars wenyewe wakaulaani ubaguzi huo. Kusema episodi imeboa ni haki ya aliyelipia bando. Kumtukana mtu kwa rangi yake hakuhusiani na episodi hata kidogo. Tena mara nyingi mwigizaji hakuandika hadithi, hakupanga bajeti wala hakuchagua saa ya kurusha. Nimoy aliona aibu kama sisi, ila kazi ilikuwa yake kuifanya.

Kabla hujasema "sizoni imekufa"

Maswali machache yanaweza kuokoa muda, na pengine urafiki:

- Niliona nakala kamili, au iliyokatwa?
- Nilichokikataa kilikuwa cha mwandishi au cha mtafsiri?
- Ni mhusika aliyeharibiwa, sheria iliyovunjwa, jambo lililosahauliwa, pesa iliyoisha au utamu uliokatishwa?
- Episodi hii inafunga hadithi, au inapanda mbegu ya mbele kama ile ya Kali?
- Kuna kitu kimoja kilichofanywa vizuri humo?

Anayejibu maswali hayo bado anaweza kusema episodi ilikuwa mbovu. Tofauti ni kwamba atakuwa na hoja, na mwenzake atakuwa na cha kujibu.

Wakazi wa Misungwi wanaijua subira. Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 19, 2025, kutoka Kigongo kwenda Busisi kulitegemea kivuko. Ungeweza kukisubiri kwa muda mrefu, ukalalamika, ukaapa hurudi tena, na safari nyingine ukawa pale pale kwenye foleni, kwa sababu ng'ambo ulikuwa na shughuli.

Shabiki wa sizoni naye yuko hivyo hivyo. Wiki ijayo atanunua bando.