Uchaguzi wa Mdhibiti wa Fedha wa Jimbo la Illinois, 2016

Uchaguzi huu mdogo ulifanyika nchini Marekani tarehe 8 Novemba, 2016, kufuatia kifo cha Judy Baar Topinka mwezi Desemba 2014, mwezi mmoja tu baada ya kuchaguliwa tena. Gavana Bruce Rauner alimteua Leslie Munger kushika nafasi hiyo, lakini Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwarudishia wapiga kura uamuzi.

Mdhibiti hapangi bajeti, hulipa madeni. Kwa kuwa Illinois haikuwa na bajeti kamili tangu Julai 2015, ndiye aliyeamua nani atangulie kulipwa. Aprili 2016 Munger aliagiza mishahara ya wabunge na viongozi wakuu, ukiwamo wake mwenyewe, isubiri foleni pamoja na wadai wengine. Hata hivyo, alishindwa na Susana Mendoza wa chama cha Democratic.